Lenzi za Zamani, Kamera Ndogo na Jua la Dodoma

Ukisimama Nyerere Square saa saba mchana, mwezi wa Septemba, hakuna wingu hata la kusingiziwa, hesabu ya mwanga ni ileile waliyoitumia wapiga picha wa enzi za filamu: tundu la lenzi weka f/16 (namba ya f ikipungua, tundu linapanuka), na shata, lile pazia la kamera, lifunguke kwa sehemu ya sekunde inayolingana na namba ya ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga. Kama ISO ni 100, shata ni 1/100 ya sekunde. Sasa fungua lenzi mpaka f/2 kama wanavyokushauri jamaa wa YouTube. Kutoka f/16 hadi f/2 ni hatua sita, na kila hatua inaingiza mwanga maradufu ya ile iliyotangulia. Shata inatakiwa ikimbie mpaka 1/6400. Kamera yangu ni Sony a6000, kamera ndogo iliyotoka mwaka 2014, na shata yake inaishia 1/4000. Kwa hiyo shati jeupe linaungua, ukuta wa chokaa unapotea, na mwenye shati atakuuliza mbona umemfuta mabega.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu lenzi za zamani yamesemwa na watu wa nchi za mawingu. Kwao f/2 ni rafiki wa kila siku, na sifa yote wanaimwaga kwenye ule ukungu wa nyuma, taa zinazogeuka kuwa viduara, majani yanayozunguka kichwa cha mtu. Hapa kwetu f/2 ni ya asubuhi, ya magharibi na ya ndani ya nyumba. Mchana unafunga mpaka f/8 kama mwenzako mwenye lenzi yoyote, au unanunua filta ya kupunguza mwanga. Nimekaa na lenzi hizi muda wa kutosha kuona kwamba uzuri wake kwa mtu wa Dodoma hauko kwenye ukungu kabisa. Uko kwenye mambo mawili ambayo wengi huyahesabu kuwa udhaifu: kontrasti yake, yaani tofauti ya weusi na weupe, ni hafifu, na zinachelewesha mkono, maana fokasi, ule ukali wa picha, unaitafuta kwa kuzungusha mwenyewe.

Lenzi ninayoitumia zaidi ni Helios 44-2, milimita 58, f/2, kazi ya Wasovieti. Muundo wake waliutoa kwenye Biotar ya Carl Zeiss, lenzi ya Kijerumani ya kabla ya Vita vya Pili: vioo sita vilivyopangwa katika makundi manne. Ilikuwa inauzwa pamoja na kamera za Zenit, na kwa kuwa Zenit zilitengenezwa kwa mamilioni, Helios zimejaa duniani na bei yake bado haijapanda kichaa. Mtaani usiitafute kwenye maduka ya kamera. Waulize wazee waliowahi kuwa na studio, wale wa picha nyeusi na nyeupe za pasipoti. Zenit ikiwa imekufa mara nyingi ni shata iliyokufa; lenzi yake iko mbele pale, nzima, inasubiri mtu wa kuizungusha na kuitoa.

Wengi hunipinga hapo: lenzi ya filamu itakaaje kwenye kamera ya dijitali? Inakaa kwa sababu ya nafasi. Kila kamera ina umbali wake maalumu kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kwenye filamu au sensa, kile kibamba cha dijitali kinachopokea picha. Kamera za zamani za Zenit, Praktica na Pentax, zilizotumia mdomo wa kukaza kwa kuzungusha unaoitwa M42, umbali huo ni milimita 45.46, kwa sababu katikati palihitajika kioo cha kuinuka na kushuka, cha kupeleka picha kwenye jicho la mpiga picha. Kamera ndogo za kisasa zisizo na kioo zimeutupa mzigo huo. Sony E ina milimita 18 tu, Fujifilm X ina 17.7. Toa 18 kwenye 45.46, inabaki 27.46, na hiyo ndiyo adapta: bomba tupu la chuma lenye urefu huo, thredi ya M42 upande mmoja na mdomo wa Sony upande wa pili. Ndani hamna kioo wala umeme, ndiyo maana ni rahisi.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini mwenzangu mwenye kamera kubwa ya Nikon ya kioo hawezi kunifuata. Nikon F ina milimita 46.5, yaani tayari ni ndefu kuliko M42. Akifunga Helios pale, vitu vya karibu ataviona, lakini Mlima Mlimwa utabaki ukungu milele, labda anunue adapta yenye kioo cha kusahihisha, na vioo hivyo vya bei nafuu huharibu picha. Na kama kamera yako ndogo ni ile ambayo lenzi yake haitoki, hii habari isome kwa starehe tu.

Ukishafunga, kamera haitambui kwamba ina lenzi. Kwenye menyu lazima uiruhusu kupiga bila lenzi, la sivyo utabonyeza na itakaa kimya. Kwenye skrini mahali pa namba ya tundu patakuwa na vistari. Tundu unalizungusha mwenyewe kwa mkono, na Helios 44-2 ina pete mbili: moja ya kuchagua mwisho wa kufunga, nyingine ya kufungua na kufunga mpaka pale ulipochagua, bila vituo, laini. Lenzi nyingine za M42 zina kipini kidogo nyuma ambacho kamera ya zamani ilikisukuma ili tundu lifunge wakati wa kupiga. Hizo zinahitaji adapta yenye ukingo wa ndani wa kukibonyeza kipini hicho. Bila ukingo huo unaweza kuzungusha pete mpaka f/16 na lenzi ikabaki wazi kwenye f/2 ikikutazama.

Jambo jingine la kujua mapema. Sensa ya a6000 ni ndogo kuliko fremu ya filamu, inakata pembeni, kwa hiyo milimita 58 inaona kama 87 ingeona kwenye filamu. Ni lenzi ya sura za watu, si ya mitaa. Na yale majani ya kuzunguka yaliyoipa Helios umaarufu hutokea zaidi kwenye kingo za picha, pale mwanga unapoingia kwa mshazari na kukatwa na mwili wa lenzi. Sensa ndogo imeshazikata kingo hizo. Ukinunua Helios kwa ajili ya mzunguko peke yake ukaifunga kwenye kamera kama yangu, utapata robo ya ulichoahidiwa. Mimi hilo halikuniuma.

Turudi kwenye kontrasti, maana hapo ndipo penye utamu. Lenzi za siku hizi zimepakwa tabaka nyingi za dawa kwenye vioo vyake ili mwanga usirudi nyuma. Helios za zamani nyingi zina tabaka moja. Mwanga ukiingia unagonga kioo hiki, unarudi, unagonga kingine, na sehemu yake inamwagika kwenye sensa mahali ambapo haikutakiwa. Weusi haukolei, rangi zinapauka kidogo. Kwa maabara ni kasoro, na hakuna ubishi.

Sasa mtazame bodaboda aliyesimama kwenye jua la utosi pale Jamatini, kofia imemfunika macho. Kidevu na shavu vinawaka, macho yamezama kwenye kivuli kizito. Ngozi yetu nyeusi kwenye mwanga huo inadai adabu kubwa: ukipimia mwanga kwenye shavu, macho yanazama kabisa, ukipimia kwenye macho, shati linaungua. Lenzi yangu ya kisasa, iliyokuja na kamera, huichonga tofauti hiyo kwa kisu. Helios huilegeza. Kile kivuli chini ya kofia kinanyanyuka kidogo, macho yanaonekana yakiwa macho, na mpito kutoka mwanga kwenda giza unakuwa taratibu. Najua ubishi utakaokuja: kwamba huo mwanga uliomwagika hauongezi taarifa yoyote, na kwamba mtu akipiga RAW, lile faili ghafi la kamera, na kuvuta vivuli kwenye kompyuta anapata zaidi. Ni kweli. Ila mimi napenda kuiona sura ikiwa imekaa sawa pale pale kwenye skrini, nikiwa na mtu mbele yangu, badala ya kuitafuta usiku kwenye kompyuta.

Mwanga huo wa kumwagika ukizidi lakini unakuwa sumu. Jua likigonga kioo cha mbele moja kwa moja, picha nzima inageuka maziwa. Kwa hiyo kofia ya lenzi ni lazima, au kiganja cha mkono wa kushoto, au rafiki mwenye daftari. Kule Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, tatizo hili hukuvaa vibaya: wewe uko chini ya mwamba, kivulini, na pembeni kuna anga jeupe linalochungulia. Michoro yenyewe ni ya wekundu uliofifia, haina kontrasti ya kugawa. Pale naifunga Helios mpaka f/5.6 au f/8, kwa sababu kwenye f/2 pembe zake ni laini na ukuta wa mwamba unataka uonekane wote, kisha nasogea mpaka anga litoke nje ya fremu na nje ya upeo wa kioo. Na ukitaka rekodi safi ya mchoro, tumia lenzi ya kisasa. Sioni aibu kulisema hilo.

Kuhusu vumbi na fangasi, Dodoma tuna bahati na tuna mkosi. Bahati ni ukavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na miezi mingine hewa ni kavu kiasi kwamba midomo inapasuka. Fangasi wa lenzi anapenda unyevu, ndiyo maana lenzi zilizokaa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar kabatini mwaka baada ya mwaka mara nyingi zina vile vinyuzi kama mizizi ndani ya kioo. Ukinunua lenzi ya kutoka pwani, fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Vumbi dogo puuza, halionekani kwenye picha. Vinyuzi, rudisha, kwa sababu fangasi akikaa anakula dawa ya kioo na hata ukimsafisha anaacha alama.

Mkosi ni upepo. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sufuria lililofunikwa. Kubadilisha lenzi barabarani ni kuialika sensa ichafuke, na uchafu wa sensa unajitokeza ukifunga f/11 au f/16, yaani mchana wetu wote. Mimi hubadilishia ndani ya gari vioo vimepandishwa, mdomo wa kamera umeelekea chini. Bila gari, chumba cha duka la mtu kinatosha.

Grisi nayo ina hadithi yake. Helios nyingi zimegoma kuzunguka, kwa sababu grisi ya kiwandani imekauka ikawa gundi. Yangu alinifungulia fundi saa wa sokoni Majengo. Hakuwahi kufungua lenzi, akaniambia hivyo waziwazi, ila akaitazama kwa ile darubini yake ya jichoni akasema skrubu ni skrubu. Alifungua zile tatu ndogo zinazoshika pete ya mbele, akaitoa pete, kisha kabla ya kutenganisha nyuzi za ndani akakwaruza alama kwa sindano pande zote mbili, ili ajue zilipokuwa zimekutana. Hapo ndipo nilipomwamini. Nyuzi za fokasi zina milango kadhaa ya kuingilia, na ukizirudisha kwa mlango usio wake, namba za umbali zinadanganya na upeo wa mbali haufiki. Akasugua grisi ya zamani kwa mswaki na mafuta ya taa, akasubiri vyuma vikauke kabisa, akapaka mpya nyembamba, kidogo sana, kwa njiti ya kiberiti. Vioo hakuvigusa hata kimoja. Malipo aliyotaka yalikuwa madogo mno nikaongeza.

Jua letu nililolisema vibaya tangu mwanzo lina kazi moja njema. Kuna lenzi za Kijapani kama Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4, ambazo vioo vyake vingine vilichanganywa na thoriamu, madini yenye mionzi hafifu. Miaka ikipita kioo kinageuka rangi ya chai. Miale ya urujuanimno ya jua inairudisha rangi yake, na mtu wa Dodoma anayo bure. Ila usiiache lenzi juani bila uangalizi: kioo kinakusanya mwanga sehemu moja na kinaweza kuwasha karatasi, sembuse nyasi za Agosti, na joto likizidi grisi inayeyuka na kutambaa mpaka kwenye visu vya tundu.

Fokasi ya mkono inasaidiwa na kamera yenyewe, kwa kuchora rangi kwenye kingo za vitu vilivyo wazi. Sony inakupa nyekundu, njano na nyeupe. Hapa kwetu uchaguzi huo si wa mapambo. Nyekundu inapotea kwenye udongo, njano inapotea kwenye nyasi kavu, nyeupe inapotea kwenye anga. Mimi naacha nyekundu kwa watu na kugeuza njano nikiwa kwenye barabara za vumbi za Nkuhungu au Zuzu. Na kwa macho ya mtu kwenye f/2 rangi hizo haziaminiki, zinawaka hata pale ambapo fokasi imepita kidogo. Afadhali ukuze picha kwenye skrini uhakikishe kope.

Vitu vinavyokwenda kasi ni habari nyingine. Kwenye ngoma za Kigogo, wakati akina mama wa muheme wamezibana ngoma mapajani na mabega yanacheza, hutafuti fokasi, utaumwa kichwa bure. Hapo naweka Pentacon ya milimita 29, ya Ujerumani Mashariki, nafunga f/8, pete ya umbali naiweka karibu mita tano. Kwa sensa yangu, kila kitu kuanzia kama mita mbili na nusu hadi mwisho wa macho kinakuwa wazi kwa kiwango kinachoridhisha. Halafu naisahau lenzi kabisa. Hakuna fokasi otomatiki inayonishinda hapo, kwa sababu hakuna cha kufokasi.

Kwa mtu aliyekaa, uchelewaji ndio unaofanya kazi. Pale stendi ya Nanenane kuna mama anauza zabibu chini ya mwavuli. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikamwomba picha, akakubali, akakaa sawa, akakaza uso kama wa kitambulisho. Mimi nikaanza kuzungusha. Ile sekunde ya kwanza uso ulikuwa wa kamera. Ya tatu akachoka kuushikilia.

“Hiyo kamera mbona unaizungusha kama unafungua chupa?”

Akacheka mwenyewe kwa swali lake, na hapo kope zilikuwa zimeshaingia kwenye fokasi. Tulikuwa mita moja na nusu, f/2, ambapo kina cha uwazi ni kama sentimita tano tu: macho, pua, ukingo wa khanga, basi. Niliipenda sana. Nikaichapisha kwenye karatasi nikampelekea.

Akaigeuza, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. “Mimi najiona. Sasa zabibu zangu ziko wapi?”

Nikamwonyesha weusi laini wa pale chini.

“Huu ukungu nani atanunua?”

Hakuwa anatania. Nikarudi nyuma mpaka mita mbili, nikafunga f/11, nikapandisha ISO mpaka 400 na shata 1/100 kwa sababu ya kivuli cha mwavuli. Kina cha uwazi kikawa kama nusu mita, kinatosha yeye na meza yake. Kila punje ikaonekana, na ile poda yake nyeupe juu. Mandhari ya nyuma nayo ikaingia, basi la Singida, kijana wa tiketi, ndoo. Wale wa mitandaoni wangeniambia nimeiua Helios.

Hiyo ndiyo aliyoichukua. Akauliza kama naweza kumwandikia namba yake ya simu pale chini, kwa herufi kubwa. Nikamwandikia.